Filamu ya Minamata na mikono ya mjomba

Mwaka jana kijana mmoja wa zoni yetu alifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa, akawasha projekta, akatuonyesha filamu ya Wajapani. Kusema kweli tulikuja kutafuta ngumi na magari. Tulipoona wavuvi wazee na watoto wasioweza kushika kijiko, wengi walitoka. Mimi nilibaki. Ni mwalimu wa historia, sawa, lakini kilichonibakiza ni ile mikono inayotetemeka. Niliwahi kuiona nyumbani.

Filamu hiyo ya Noriaki Tsuchimoto ilitoka mwaka 1971. Inahusu Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilianza mwaka 1932 kutumia zebaki katika kazi zake, na maji machafu yakamwagwa baharini. Zebaki ikaingia kwenye samaki, samaki wakaingia sufuriani. Paka ndio walitangulia, wakizunguka kama wendawazimu mpaka wanakufa. Kisha watu: vidole vinakufa ganzi, macho yanapungua, ulimi unakuwa mzito. Watoto wengine walizaliwa wameshaumia, na mama zao wanaonekana wazima.

Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji ya kiwanda. Paka akaugua vilevile. Matokeo yakafichwa. Kazi ile ya zebaki iliyoanza mwaka 1932 kiwanda kiliiacha mwaka 1968. Hesabu mwenyewe: miaka 12!

Na miaka yote hiyo wagonjwa walikwepwa na majirani, eti wataambukiza. Familia nyingine ziliwaficha ndani, samaki wao wasije wakakosa wanunuzi.

Hapo ndipo nikamkumbuka mjomba. Kwetu Kivu ya Kusini, kabla hatujakimbia, alikuwa anachimba dhahabu. Zebaki aliichanganya na mchanga kwa mikono mitupu, akaichoma kwenye kikaango nyuma ya jiko, na beseni akalisuuza kijitoni, kulekule tulikochota maji. Basi mikono ikaanza kutetemeka, chai inamwagika. Sisi tukasema karogwa. Tukamtaja mama jirani, mjane, tukaacha kumsalimia. Mjomba hakupimwa hata siku moja, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini moshi wa zebaki hutetemesha mikono, hilo linajulikana. Yule mama hatukumwomba radhi. Vita vikatutawanya.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, nawaomba msikie na hii. Tsuchimoto alifika Minamata mara ya kwanza mwaka 1965, kwa ajili ya televisheni. Mama mmoja alimkaripia kwa kumpiga picha mtoto wake bila kuomba. Aliona haya, nusura aiache kazi. Aliporudi mwaka 1970 alikaa na familia za wagonjwa, akasikiliza. Ndiyo maana katika filamu kuna mzee anavua pweza kwa ustadi mpaka unasahau kwamba hii ni habari ya ugonjwa. Kuna pia wagonjwa walionunua hisa mojamoja za kampuni ili waruhusiwe kuingia mkutano wa wenye hisa mjini Osaka, Novemba 1970. Waliingia na mavazi meupe ya mahujaji, wakamkabili mkuu wa kampuni uso kwa uso. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa haki.

Mwaka 1977 Tsuchimoto alibeba projekta kijiji kwa kijiji kuzunguka bahari ya Shiranui, ili waliokuwa wanaficha ugonjwa waone na waelewe. Sisi wa kambini tumepigwa picha sana. Ngapi zimewahi kurudi tukaziona?

Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kupunguza zebaki, wakauita Mkataba wa Minamata. Unawagusa hata wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu kama mjomba.

Kijana ameahidi kuonyesha filamu tena. Safari hii nitasimama kabla haijaanza, niseme habari ya yule mjane. Kama yuko kambi hii au nyingine, na asikie: mama, tulikukosea.