Kucha za paka

Kucha za paka wa kufugwa zimeumbwa kwa keratini, nazo humsaidia kukamata mawindo, kupanda, kujihami na kuweka alama. Kwa kawaida huwa 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Wapo wanaozaliwa na vidole vya ziada; maarufu ni wale wa nyumba ya mwandishi Ernest Hemingway huko Key West, Marekani.

Maumbile

Ukucha huota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Paka akitulia, kano huurudisha ndani. Akitaka kuutumia, hukaza misuli ukachomoza. Ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo kwenye kucha nyeupe huonekana kama mstari wa waridi. Ganda la nje hubanduka paka anapokwaruza, ndiyo maana wafugaji huokota vijiganda vilivyopinda chini ya kochi wakadhani mnyama ameumia.

Ukataji

Paka anayezurura na kukwea miti aghalabu hahitaji kukatwa kucha. Wanaohitaji ni wa kufungiwa ndani na wazee, kila baada ya wiki mbili au tatu hivi. Paka hupakatwa akiwa anasinzia, kidole kikabonyezwa taratibu juu na chini mpaka ukucha utokeze, kisha hukatwa ncha tu, bila kuufikia mstari wa waridi. Kikata kucha kiwe kikali, kwani kilicho butu hupasua ukucha. Damu ikitoka, hukandamizwa kwa wanga wa mahindi. Paka akianza kufurukuta, heri aachiwe. Kucha zilizobaki zitangoja kesho.

Unaosahaulika mno ni ukucha wa kidole cha ndani cha mguu wa mbele. Kwa kuwa haugusi ardhi, huweza kujikunja hadi ukazama kwenye nyama, na hapo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mbao za kukwaruzia

Mbao ambazo paka huwekewa ili akwaruze, nyingi huzungushiwa kamba ya mkonge.

Kung'oa kucha

Upasuaji huu katili, uliozoeleka Amerika ya Kaskazini, huondoa mfupa wa mwisho wa kila kidole. Mji wa West Hollywood uliupiga marufuku mwaka 2003, na jimbo la New York mwaka 2019. Uingereza nayo hairuhusu, isipokuwa kwa sababu za tiba.

Afya

Mkwaruzo wa paka huweza kumwambukiza mtu bakteria Bartonella henselae, ambao viroboto huwaeneza baina ya paka. Jeraha huoshwa mara moja kwa maji na sabuni.