Redio zikinyamaza, uvumi unasema

Burundi, uchaguzi wa 2010: redio zilizokuwa zinashindana ziliungana. Waandishi wakagawana mikoa, taarifa zilezile zikasikika redio zote. Ikawa vigumu zaidi mgombea kupata redio ya kumpamba yeye tu.

Mwaka 2015 mambo yakageuka. Mwezi wa tano, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa, zikanyamaza. Hata Rema iliyoipenda serikali haikupona. Redio ya taifa ikaendelea, na uchaguzi wa rais ukafanyika hivyohivyo, Julai 21. Wagombea hawakuwa na wa kuwabana kwa maswali. Sisi wananchi tukabaki na uvumi wa WhatsApp. Wengi wetu tulikimbia tukiwa na huo tu.

Basi vijana, kabla hatujasambaza habari ya mgombea yeyote, tuulizane: nani mwingine ameithibitisha?