Nafasi Iliyo Ndani ya Chungu

Mkazi wa Mutuka, mjini Babati, hana haja ya kwenda Nairobi wala London kuisaka historia ya ufinyanzi. Huko Luxmanda, katika Wilaya ya Babati, wanaakiolojia wamefukua makazi ya wafugaji walioishi miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Pamoja na mifupa ya mifugo na zana za mawe, walikuta vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi, vya mtindo ambao wataalamu huuita Narosura kwa jina la eneo moja la kusini mwa Kenya.

Vigae hivyo vina mengi ya kusimulia. Udongo uliochomwa kwa moto wa kawaida hubaki na vitundu vidogo, na mafuta ya chakula hupenya humo yakajificha. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vigae kutoka Kenya na Tanzania, vya Luxmanda vikiwemo, na wakaonyesha dalili za maziwa, nyama na mimea. Chakula chenyewe kilikwisha kuliwa maelfu ya miaka iliyopita. Habari yake imebaki katika kuta zilizouzunguka utupu wa chungu. Hakuna mwandishi aliyekuwepo kuyaandika maisha ya wafugaji wale, kwa hiyo vyungu vyao ndivyo maktaba yao.

Ufinyanzi wa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, umekuwa kazi ya wanawake. Wapare wanajulikana kwa kazi hiyo, na vivyo hivyo Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Mfinyanzi huanza na tako la chungu, akapandisha ukuta kwa mkono bila gurudumu, huku akipima unene kwa vidole, kiganja kimoja ndani na kingine nje. Kitu anachokifinyanga hasa ni ile nafasi ya kati: itakayowekwa maji, pombe au mboga.

Aliyeipeleka nafasi hiyo kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 akiwa na ujuzi wa michoro ya matangazo, akaja kuangukia kwenye udongo. Hapo ndipo kisa chake kinapokuwa kitamu, maana masomo ya chuo huko Uingereza hayakumtosha. Katikati ya miaka ya 1970 alifunga safari hadi Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji ambao leo unaitwa Suleja), kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Cardew alikuja na gurudumu, rangi za kung'aza na tanuri za moto mkali. Lakini mwalimu aliyeacha alama kubwa pale alikuwa Ladi Kwali, mwanamke aliyejiunga na kituo mwaka 1954 akiwa tayari fundi aliyefunzwa kijijini kwao. Ladi Kwali hakuhitaji gurudumu. Alizunguka chungu kwa miguu yake, akikipandisha pindi kwa pindi, kisha akachora mijusi na nyoka juu ya udongo mbichi. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Binti wa Kenya aliyevuka bahari kwenda kusoma Ulaya akajikuta amekaa chini ya mwanamke Mwafrika, akijifunza kazi ambayo mama zetu wameifanya karne kwa karne.

Baadaye Odundo alifika pia San Ildefonso, New Mexico, kutazama jinsi wenyeji wa asili wa huko wanavyochoma vyungu vyeusi. Mbinu hizo zote zinaonekana kazini mwake. Hujenga chombo kwa mapindi, hukisugua mpaka king'ae, hukipaka tope laini, kisha hukichoma. Moto wenye hewa ya kutosha hutoa rangi ya machungwa. Akiunyima moto hewa, chombo kilekile hutoka cheusi. Vyombo vyake havichotewi maji. Vina shingo ndefu na matumbo yaliyojaa, na mtazamaji hubaki akiwaza kilichomo ndani, ingawa hamna kitu.

Hata baada ya kupata sifa hakuacha kufanya kazi na wengine. Huko Sunderland, Uingereza, alishirikiana na fundi wa vioo James Maskrey kutengeneza Transition II, vipande 1,001 vya kioo vilivyotundikwa hewani, wazo lake likiwa limetoka kwenye pambo la sikio la Misri ya kale. Mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha heshima cha Uingereza cha Dame.

Kwa hiyo heshima inayotolewa kwa ufinyanzi huko ng'ambo inastahili kuanzia hapa nyumbani. Shule za Babati ziwaalike mama wafinyanzi wawafundishe watoto, maana ufundi huu hujifunzwa kwa mkono. Na mkulima ambaye jembe lake litafukua vigae vya kale asivioshe wala kuvitawanya, kwani maji na sabuni huweza kuharibu ushahidi uliofichwa ndani yake. Aviache vilipo, atoe taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa ili ziwafikie wataalamu wa mambo ya kale.