Maziwa ya Moto ya Magamba

Wazazi wengine hapa Kikatiti huuliza: siku za wanafunzi kujaribu sayansi kwa mikono yao zina faida gani, navyo vitabu vipo? Na wasikie habari za Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga. Vijana walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayapoza, ndipo wakayaweka katika jokofu yawe aiskrimu. Siku moja nafasi ilikuwa haba, Mpemba akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda. Ya mwenziwe, ambaye hakuyachemsha, bado. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amekosea.

Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, alikuja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena. Wenziwe wakamcheka, maana kucheka ni kazi nyepesi kuliko kuchemsha maziwa. Osborne aliahidi kulijaribu jambo lile, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja. Wataalamu wangali wanabishana, wengine wakipima wasilione.

Maandiko yale yalipotoka, Mpemba alikuwa akisomea utunzaji wa wanyama wa porini Mweka, hapo jirani mlimani Kilimanjaro.