Mdhamini wa Msomi: Historia ya Vibali vya Kwenda Kusoma Ng'ambo

Historia ya Waafrika Mashariki waliokwenda kusoma ng'ambo huelezwa mara nyingi kwa kutaja vyuo walikofika na vyeo walivyoshika waliporudi, na kwa sababu hiyo hatua iliyotangulia safari yenyewe, yaani ule mzunguko wa ofisini wa kutafuta pasipoti, barua ya chuo, dhamana ya fedha na hatimaye viza, husahaulika kama kero isiyostahili kuandikwa. Hata hivyo, ni katika hatua hiyo ndipo inapoonekana waziwazi nani alikuwa na mamlaka ya kumruhusu kijana aondoke, na nani alitakiwa kumbebea dhima. Pasipoti ni waraka wa nchi anayotoka msafiri, na viza ni idhini ya nchi anayokwenda. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini mlango mgumu zaidi kwa mwanafunzi wa Kenya, Tanganyika au Zanzibar ulikuwa ule wa kutokea, ilhali leo ni ule wa kuingilia. Maswali ya mlangoni yamebaki yale yale, nani atalipa na je, msafiri atarudi; aliyebadilika ni mtu anayekubaliwa kuyajibu.

Kutafuta elimu ng'ambo ni desturi iliyoutangulia ukoloni katika mwambao. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye kuwa kadhi Unguja, alisoma Hadhramaut na kufika Istanbul, Cairo na Makka, naye Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alizifuata njia zinazokaribiana na hizo kabla ya kufungua chuo chake mjini Unguja. Mdhamini wa msomi wa aina hiyo alikuwa mwalimu wake: jina la mwalimu ndilo lililomfungulia milango ya wenyeji ugenini, na aliporudi alikuja na ijaza, yaani idhini ya maandishi ya kufundisha kitabu au fani fulani, yenye mlolongo wa majina ya walimu waliopokezana elimu hiyo. Wote wawili walifariki mwaka 1925, wakati ambapo mwendo wa mtu katika Afrika Mashariki ulikuwa umekwisha kuingizwa katika daftari la serikali.

Nchini Kenya daftari hilo lilianzia ndani ya nchi yenyewe. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande, cheti cha alama za vidole na rekodi ya ajira kilichowekwa katika kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ikiwa kutoka shamba la mlowezi mmoja hadi la mwingine kulihitaji saini ya mwajiri, si ajabu kwamba kuvuka bahari kulihitaji kibali cha gavana. Kwa desturi ya kisheria ya Uingereza pasipoti ilikuwa hisani ya Mfalme, si haki ya raia, na aliyenyimwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Juu ya hayo, serikali za kikoloni zilizoea kudai amana ya fedha au ahadi ya mdhamini, ili nauli ya kumrudisha msafiri isije ikawa mzigo wa hazina. Hata hadhi iliyoandikwa katika waraka huo ilitofautiana kwa mahali pa kuzaliwa: baada ya sheria ya uraia ya mwaka 1948, mzaliwa wa koloni la Kenya alihesabiwa raia wa Uingereza na makoloni yake, ilhali mzaliwa wa Mombasa, iliyokuwa katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, pamoja na yule wa Tanganyika, kwa kawaida alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza tu.

Katika mazingira hayo waliotangulia walikuwa wachache waliokuwa na watu wa kuwasimamia. Peter Mbiyu Koinange, aliyeondoka mwaka 1927 kwenda Hampton Institute huko Virginia, na baadaye kusoma Ohio Wesleyan na Columbia, alikuwa mtoto wa chifu mkuu. Julius Nyerere, aliyeingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952, alikuwa na ufadhili wa serikali. Safari ya Edinburgh haikuhitaji viza, kwa kuwa watu wa makoloni waliingia Uingereza bila kizuizi cha uhamiaji hadi ilipopitishwa Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola mwaka 1962, lakini nafasi za ufadhili zilikuwa chache, na aliyezigawa ndiye aliyegawa pia pasipoti. India iliyokwisha kujipatia uhuru ilijaribu kulipenya zuio hilo: Apa Pant, kamishna wake wa kwanza mjini Nairobi, aliwapatia vijana Waafrika nafasi katika vyuo vya India, na ukarimu huo ukamwongezea uhasama wa walowezi.

Mgongano mkubwa zaidi ulitokea mwishoni mwa miaka ya 1950. Makerere, iliyofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ndiyo iliyokuwa ngazi ya shahada kwa eneo zima la Afrika Mashariki, na uchache wa nafasi zake uliwaacha nje vijana wengi wenye cheti cha Cambridge, yaani mtihani uliomaliza masomo ya sekondari. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kukipokea cheti hicho. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyekuwa amesoma Ruskin College mjini Oxford mwaka 1955 na 1956, aliizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi za masomo chuo kwa chuo, huku Nairobi akishirikiana na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote wawili walikuwa wamesoma huko. Nafasi zilipatikana kuliko nauli. William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, alisaidia kuiongoza taasisi iliyoitwa African-American Students Foundation, na waraka wake wa kuomba michango ulitiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mapema Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1952, ambayo ndiyo msingi wa viza ya mwanafunzi hadi leo, ilimtaka mwombaji awe amepokelewa na chuo kilichoidhinishwa, na awe na makazi kwao asiyokusudia kuyaacha; fedha za kumtosha nazo zilipaswa kuonekana. Zaidi ya hayo, humhesabu kila mwombaji kuwa anakusudia kuhamia moja kwa moja, mpaka atakapomridhisha afisa wa ubalozi kwamba sivyo. Kuhusu fedha, kijana wa Nyeri au wa Nyanza hakuwa na akaunti ya kuonyesha. Alichokuwa nacho ni watu. Familia ziliuza ng'ombe, vijiji viliandaa karamu za chai ambako kila aliyehudhuria alitoa alichoweza, na jumla yake, pamoja na ahadi ya chuo cha Marekani, ndiyo iliyofanya dhamana. Wengine walimpata mdhamini mmoja: Barack Obama mkubwa, mwanauchumi wa baadaye, ambaye hakupanda ndege ile ya kukodi lakini alikwenda Hawaii mwaka huo huo, alisaidiwa gharama na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani wa elimu ya watu wazima aliyefanya kazi Nairobi. Na kuhusu kurudi, hoja ya kijana wa mwaka 1959 ilikuwa nzito kuliko hati yoyote, kwa kuwa uhuru ulikuwa unakaribia na ofisi za serikali zingehitaji watu wa kuzijaza. Pengine hakuna kizazi kingine cha wanafunzi wa Afrika Mashariki ambacho nia yake ya kurudi nyumbani ilikuwa rahisi kusadikika namna hiyo.

Serikali ya kikoloni haikufurahishwa. Ilidai kwamba vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vya daraja la chini, na kwamba wanafunzi walipelekwa bila matayarisho wala fedha za kutosha. Madai ya fedha hayakuwa uzushi mtupu, kwani baadhi yao walifika na kukuta kwamba ufadhili wao ulilipia karo bila kulipia chakula wala malazi. Hata hivyo, hofu yake kubwa ilikuwa ya kisiasa, yaani kuliacha suala la nani asome lipite mikononi mwa wanasiasa Waafrika. Mwaka uliofuata nauli ya kundi kubwa zaidi iliingia katika siasa za Marekani zenyewe: Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imekwisha kulikataa ombi la msaada, Mboya akamwendea Seneta John Kennedy mwezi Julai 1960, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, jambo lililozua mabishano makali na kambi ya Richard Nixon katika kampeni ya urais. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda chuo cha Mount St. Scholastica katika jimbo la Kansas. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1963, nazo ziliwachukua pia vijana wa Tanganyika, Uganda na Zanzibar.

Njia ya pili ilielekea kaskazini, tena bila pasipoti mara nyingi. Sudan ilikuwa imejitawala tangu Januari 1956, kwa hiyo aliyefanikiwa kuuvuka mpaka wa Uganda alikuwa ametoka katika mkono wa Mwingereza, na kwa kuufuata mto Nile kwa lori, meli na garimoshi aliweza kufika Cairo, mji ambao redio yake ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1954. Ofisi za vyama vya ukombozi zilizofunguliwa huko ndizo zilizosimama mahali pa gavana: zilimtambulisha kijana, zikamwombea nafasi, na balozi za nchi za kisoshalisti zikampa viza kwa neno la chama. Wengine walibaki katika vyuo vya Misri, wengine wakaendelea hadi Prague, Leipzig au Moscow, ambako Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa mwaka 1960, kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Upande wa Kenya njia hii ilihusishwa zaidi na mwanasiasa Oginga Odinga, na uhuru ulipopatikana baadhi ya waliopita humo walikuta shahada zao zikihojiwa upya nyumbani, kwa sababu mdhamini wao alikuwa ameanza kupoteza nguvu serikalini.

Uhuru uliyahamishia mamlaka ya gavana kwa serikali mpya, nazo hazikuyaacha. Katika Kenya na Tanzania pasipoti iliendelea kuwa fadhila, aliyesomeshwa na serikali alitakiwa kutia saini mkataba wa kuitumikia atakaporudi, na ikaongezeka ngazi ambayo wasomaji vijana hawaijui: udhibiti wa fedha za kigeni, yaani sheria iliyomkataza mtu kubadilisha shilingi kuwa pauni au dola bila idhini ya Benki Kuu. Mzazi angeweza kuwa na karo yote mkononi, na bado mtoto wake akakosa safari kwa kukosa kibali cha kuituma. Udhibiti huo ulilegezwa na kuondolewa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010 ikaandika kwamba kila raia anastahili kupewa pasipoti. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguka.

Wakati huo mlango wa kuingilia ulikuwa umekwisha kusogezwa. Uingereza ilianza kuwatoza wanafunzi wa kigeni karo ya juu kuliko wenyeji mwaka 1967, na tangu mwaka 1980 ikawataka walipe gharama kamili, na kabla ya karne kwisha Mkenya alikuwa akihitaji viza kuingia nchi hiyo ambayo mzazi wake aliingia bila viza. Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ilianzisha mfumo wa kompyuta uitwao SEVIS, unaokilazimisha chuo kuripoti kama mwanafunzi amejiandikisha na kama amebadilisha anwani, na mwanafunzi mwenyewe huulipia ada kabla ya mahojiano ya ubalozini. Ujerumani, ambayo haitozi karo katika vyuo vingi vya umma, humtaka mwombaji asiye na ufadhili aweke gharama ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo hutoa fungu moja tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Hivi ndivyo benki ilivyokuja kukalia kiti cha mwalimu, chifu, chama na kijiji.

Tofauti hiyo huonekana zaidi katika kanuni za viza ya mwanafunzi ya Uingereza, zinazotaka fedha za karo na matumizi zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti inayokubaliwa ni ya mwombaji mwenyewe, ya mwenzi wake, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na ikiwa ni ya mzazi huambatanishwa cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Mjomba, shangazi, kaka mkubwa au jumuiya ya kijiji hawahesabiwi, hata kama ndio wanaolipa kweli. Kwa hiyo michango ya harambee, ambayo mwaka 1959 ilikuwa ndiyo dhamana yenyewe, siku hizi hulazimika kuingizwa kwanza katika akaunti ya baba au mama na kulala humo hadi siku zitimie, na afisa akiona fedha nyingi zimeingia kwa mkupuo anaweza kutaka maelezo ya zilikotoka.