Kwekwe Shambani, Kwekwe Jukwaani

Majani chai yakiwa bado machanga, kazi kubwa ya shamba ni palizi. Miche haijatanda ikafunika udongo, kwa hiyo magugu hupata mwanga na kuota kwa fujo. Nyapara wa Litein au Mogogosiek akiwaambia vibarua wang'oe kwekwe zote, wasibakishe hata moja, hakuna atakayegeuka kumtazama. Mwanasiasa akiyasema maneno hayohayo jukwaani mjini Kericho, wiki mbili kabla ya uchaguzi, huenda akalala korokoroni. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ililiweka neno kwekwe katika orodha yake ya maneno ya hatari, pamoja na madoadoa na mende. Mende hakuhitaji kuelezwa: ndilo jina walilobandikwa Watutsi wa Rwanda kabla na wakati wa mauaji ya 1994.

Kosa lenyewe Wakenya tumezoea kuliita matamshi ya chuki. Wengine husema kauli za chuki, na wapo wanaoandika hotuba za chuki, ingawa hotuba inabana mno. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hakigusi midomo peke yake. Kinataja pia maandishi, mchezo wa kuigiza, picha zilizorekodiwa na kipindi cha redio au televisheni. Hata matamshi hayalitoshei kosa hilo vizuri, lakini neno limekwisha kukaa na sioni faida ya kuling'oa.

Linalonisumbua mimi ni chuki. Msomaji akilisikia hudhani mahakama inaupima moyo wa msemaji: je, anawachukia wale? Sivyo. Kwanza, maneno lazima yawe ya kutisha, ya matusi au ya kudhalilisha. Pili, ama msemaji amekusudia kuwasha chuki ya kikabila, ama, ukitazama mazingira yote, chuki hiyo inaelekea kuwaka. Hiyo ni chuki ya wasikilizaji. Mtu anaweza kuichukia jamii jirani maisha yake yote, akanyamaza, na asiwe na kosa. Mwingine hana kinyongo na yeyote, anatafuta kura tu, na kifungu kikamnasa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Sheria hiyo pia inazungumzia kundi la watu kwa rangi, uraia, kabila au asili yao. Ukimwita diwani wako mwizi na mpumbavu, umemtukana, na akitaka akushtaki kwa kumharibia jina. Hayo si matamshi ya chuki, hata kama yeye anachukia kuyasikia.

Kabla ya istilahi hii tulikuwa na uchochezi, na hapo ndipo vyama vya siasa vinapoingia. Kwa miaka mingi neno hilo moja lilibeba mizigo miwili: kuwachochea raia wapigane, na kuisema serikali vibaya. Julai 1991 mwanasiasa George Anyona na wenzake watatu, akiwemo Njeru Kathangu, walifungwa miaka saba kwa uchochezi wa aina ya pili. Miezi miwili baadaye wanasiasa wa KANU, chama pekee halali wakati huo, walikutana Kapsabet, kisha Kapkatet, humuhumu kwenye majani chai ya Bureti, wakipigia debe majimbo na kuwatisha waliodai vyama vingi. Kwao uchochezi haukuonekana. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei huko Tinderet, yakaenea. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992 kuyachunguza mapigano hayo, na baadaye Tume ya Akiwumi, zote ziliirudia mikutano ile. Kosa la kuisema serikali lilifutwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1997. Neno uchochezi likabaki, na polisi wengine bado hulitumia kana kwamba halikupunguzwa mzigo.

Leo chama kinachotamba Kericho na Bomet ni UDA, na msimamo wake umepitia pande zote mbili za istilahi hii. Januari 2022, katika mkutano wa chama mjini Eldoret, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, aliwataka wenyeji waondoe madoadoa, neno lililoeleweka kuwa watu wa jamii nyingine. Alikamatwa, akaomba radhi, akaeleza kwamba alikusudia wapinzani wa kisiasa. William Ruto, kinara wa UDA na naibu wa rais wakati huo, alitoka hadharani kuzikataa kauli za kugawanya watu. Oktoba mwaka huohuo Linturi aliapishwa kuwa waziri wa Kilimo. Kwa upande wa pili, orodha ya NCIC ilikuwa na hatupangwingwi, kaulimbiu ya wafuasi wa UDA yenye maana ya kwamba hatupangiwi na mtu, na chama kilikuwa na haki ya kunung'unika. Neno hilo halimtaji yeyote kwa kabila lake. Linawaudhi wakubwa, na kuwaudhi wakubwa ndiko hasa kunakolindwa na Ibara ya 33 ya Katiba. Ibara hiyohiyo inauondolea ulinzi uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, na Ibara ya 91 inakikataza chama chochote kueneza chuki. Kanuni za maadili ya uchaguzi zinakidai zaidi ya kunyamaza: chama kikemee ghasia hadharani, tena mara kwa mara.

Penye ugumu wa kweli katika nchi hii ya chai ni ardhi. Wakipsigis na ukoo wa Talai wana dai la muda mrefu juu ya mashamba waliyonyang'anywa na wakoloni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai hadi Gwassi, ikiwaona wachochezi. Mtu akisimama Bomet akasema, "Ardhi hii ilikuwa yetu na tunataka fidia," hilo ni dai, hata akilisema kwa ukali, na hata kampuni za chai zikikereka. Akiongeza kwamba kwa hiyo vibarua Wakisii na Wajaluo wafungashe virago, amevuka. Mashamba haya yanaijua tofauti hiyo kwa damu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walivamiwa katika makazi yao ndani ya mashamba ya Kericho. Baadaye waathiriwa 218 walifungua kesi London dhidi ya Unilever, kampuni mama ya mmoja wa wenye mashamba hayo, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikaamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanahabari, hasa wa redio zinazotangaza kwa Kikalenjin. Sentensi ya habari isemayo "mbunge alitoa matamshi ya chuki" haifai. Imemhukumu mtu kabla ya hakimu, na imetuficha alichosema. Tupeni maneno yenyewe kwa Kikipsigis kama yalivyotamkwa, kisha tafsiri yake kwa Kiswahili, mahali yaliposemwa, na nani walikuwa wakisikiliza. Mkalimani wa mahakama atayahitaji hayo yote, na msomaji anayahitaji kabla yake.