Mlima, Nyika na Mto: Kwa Nini Vugha Ilipata Mfalme na Handeni Haikupata

Ukiwa Korogwe mjini, upande wa kaskazini unaona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Upande wa kusini barabara inakatiza tambarare kuelekea Handeni, nchi ya vichaka, mibuyu na jua kali. Korogwe yenyewe iko kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, lakini huko juu Usambara kuna sehemu zinazopita mita 2,000. Mwendo wa siku moja kwa miguu unakutoa kwenye joto la nyika mpaka kwenye ukungu na migomba.

Watu wa pande zote mbili ni ndugu. Wasambaa, Wazigua, Wabondei na Wanguu wanasikilizana lugha kwa kiasi kikubwa, na wazee wao wanasimulia kwamba wote ni watoto wa Seuta. Mila zinafanana, jembe ni lile lile. Lakini historia zao zilikwenda njia tofauti kabisa. Mlimani ulisimama ufalme wenye mji mkuu, watawala wa wilaya na ushuru. Nyikani Handeni hakukuwa na mfalme hata mmoja, kila eneo lilikuwa na wakubwa wake. Kwa nini?

Kanuni ya zamani: chakula cha ziada

Shuleni wengi tulifundishwa habari za Misri na Mesopotamia. Mto Nile unafurika, unaacha udongo wenye rutuba, wakulima wanavuna kuliko wanavyokula. Ile ziada ndiyo inayomlisha mfalme, askari, kuhani na fundi, yaani watu ambao hawashiki jembe. Kati ya mito Tigris na Euphrates mambo yalikuwa hayo hayo: nafaka ikajaza maghala, maghala yakahitaji mtu wa kuhesabu, na hesabu ikazaa maandishi.

Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani habari hizo ni za mbali tu. Kumbe hata bonde la Mto Pangani lina somo lake, tena zuri zaidi kwa sababu hapa unaweza kulinganisha ndugu wawili waliokaa jirani kwenye ardhi mbili tofauti.

Kilimo chenyewe ni cha kale sana katika eneo hili. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta kwenye milima ya Usambara na Upare vigae vya vyungu vya aina inayoitwa Kwale, jina lililotokana na Kwale ya Kenya. Vyungu hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na walioviacha walikuwa wakulima waliojua kufua chuma. Yaani karibu miaka 2,000 iliyopita tayari kulikuwa na watu wanaofyeka, wanaolima na kupika chakula chao hapa. Na mapema kabisa walishagundua kwamba miguuni mwa milima na milimani kwenyewe ndiko mvua iliko.

Mlima na migomba yake

Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zinabeba unyevu. Zikigonga Usambara zinapanda juu, zinapoa, na mvua inanyesha. Ndiyo maana mlimani kuna vijito visivyokauka wakati nyika ya chini imepauka.

Mgomba, mmea uliotoka mbali, kusini-mashariki mwa Asia, ulikuta hapo nyumba. Ndizi zikawa chakula kikuu cha Wasambaa kwa vizazi vingi, kabla mahindi na mihogo kutoka Amerika havijashika nafasi. Uzuri wa mgomba ni kwamba haungoji msimu mmoja. Ukikata huu, mwingine unachipua pembeni. Mkulima wa ndizi hahamihami ovyo, anakaa, na anaijua mipaka ya shamba la babu yake.

Wasambaa wenyewe walizigawa nchi mbili kwa majina: Shambaai, yaani kule juu kwenye baridi na mvua, na nyika, kule chini. Lakini hawakuwa wajinga wa kujifungia juu. Vijiji vingi viliwekwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mtu anaweza kulima migomba juu na bado akashuka kulima shamba la bondeni. Mvua ikikataa huku, huenda ikakubali kule. Hiyo ilikuwa bima yao ya njaa.

Watu wakiwa wengi, wakikaa mahali pamoja, ugomvi nao unaongezeka: mipaka, mahari, damu. Koo nyingi kwenye mlima mmoja zinahitaji mtu wa kuamua asiye wa ukoo wowote. Na hapo ndipo anapoingia mtu kutoka nyikani.

Mwindaji aliyekuja na nyama

Hadithi ya Mbegha wengi wameisikia. Aliyeiandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 ni Abdallah bin Hemedi, katika kitabu cha *Habari za Wakilindi*. Mbegha alikuwa mtu wa Nguu, na alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo alionekana ni nuksi. Akanyimwa urithi, akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akakaa Kilindi, ambayo leo ni wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Huko nako kijana wa mkubwa wa mji akauawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni pamoja, Mbegha akakimbia tena, safari hii akapanda Usambara. Inakadiriwa ilikuwa nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Hadithi ni hadithi, lakini angalia inachosema kuhusu chakula. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mazao ya Wasambaa. Mbegha akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakamletea vyakula vya shambani. Mtu wa nyika analeta nyama, watu wa mlimani wanaleta ndizi. Akawa anaamua kesi zao, akapewa wake kutoka koo mbalimbali, na alipokaribia Vugha akaua simba njiani. Tangu hapo mfalme wa Wasambaa akaitwa Simba Mwene.

Watoto waliozaliwa na wake hao wakawekwa kutawala kwa wajomba zao, na utawala wa Wakilindi ukasambaa mlima mzima kwa njia ya undugu. Kilele chake kilikuwa kwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala mpaka alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Burton alipofika Vugha mwaka 1857 aliutaja kuwa mji wa nyumba kama 500 na watu kama 3,000. Mamlaka ya Kimweri yalishuka hadi pwani kati ya Tanga na Pangani, ambako yalikutana na ya Sultani wa Zanzibar.

Na kazi ya kwanza ya mfalme ilikuwa nini? Mvua. Wasambaa wana maneno mawili: *kuzifya shi*, kuitengeneza nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Mfalme akiwa mmoja mwenye nguvu, anapokea ushuru, ana dawa ya mvua, nchi inatengenezeka. Wakiwa wawili wanagombana, nguvu kwa nguvu, mvua inapotea na njaa inaingia. Mfalme alipewa heshima kwa sababu ya shibe. Shibe ikiisha, na heshima inaondoka.

Nyika haitaki mfalme

Twende sasa Handeni. Mvua huko ni ya kubahatisha. Mwaka huu masika yanakuja vizuri, mwakani yanachelewa mwezi mzima, mwaka wa tatu yanakuja siku chache yanakata. Mkulima mwenye akili katika nchi kama hiyo hawezi kutegemea shamba moja wala zao moja. Mtama, uwele, kunde, uwindaji, asali, mbuzi wachache, kila kimoja kwa kiasi chake. Watu wanakaa kwa kutawanyika, maana wakijazana mahali pamoja maji na kuni vitawashinda.

Kuna na mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita. Anapenda vichaka na wanyama pori, na anaua ng'ombe. Wazigua walipambana naye kwa kufyeka, kuchoma na kulima mfululizo kuzunguka vijiji. Kijiji kikihama, kichaka kinarudi, na mbung'o anarudi nacho. Kwa hiyo huko mtu mkubwa alikuwa yule anayeweza kuwaweka watu pamoja ili kichaka kisirudi, na mwenye akiba ya kuwalisha mvua ikikata. Ukubwa wa namna hiyo ulidumu kadiri akiba ilivyodumu. Haukutosha kujenga kiti cha enzi cha kurithisha vizazi vitano.

Huu haukuwa ushamba. Mzigua hakuwa nyuma ya Msambaa. Alichagua mfumo unaofaa ardhi yake, ambamo kila ukoo unaweza kufunga mizigo na kuhama bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini mfumo huo ulikuwa na gharama yake, na gharama ilidaiwa miaka ya 1830.

Njaa iliyowafikisha Juba

Katika miaka hiyo njaa kali iliingia Uzigua. Zanzibar wakati huo ilikuwa inapanda mikarafuu kwa kasi na inahitaji mikono. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula. Wengine waliuza watoto wao, wengine wakajiweka rehani wenyewe kwa nafaka, wakitumaini kwamba mvua ikirudi nao watarudi. Wengi walipandishwa majahazi na hawakurudi.

Kundi moja lilifikishwa pwani ya Somalia. Masimulizi ya wajukuu wao yanasema walitoroka wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, wakafika kwenye misitu ya Mto Juba na kuanza kulima. Na hapa geografia ilifanya jambo la ajabu. Misitu ile ilikuwa na mbung'o, kwa hiyo wafugaji wa Kisomali waliogopa kuingiza mifugo yao. Mdudu aliyewatesa Wazigua nyumbani akawa mlinzi wao ugenini. Wakakaa pale kwa zaidi ya miaka 150, wakihifadhi lugha yao.

Vita ya Somalia ilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbia kwa njia ya bahari wakatua Tanzania. Walipokelewa Mkuyu, Handeni, na baadaye Chogo, wakapewa ardhi ya kulima, na wengi wakapata uraia. Wenyeji walishangaa kusikia wageni kutoka Somalia wanaongea Kizigua.

Ardhi ile ile, karata zimegeuka

Mtu anaweza kudhani mlima ulishinda moja kwa moja. Hapana. Karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuja na misafara, na misafara haipandi mlima bila sababu. Inapita bondeni, kandokando ya Mto Pangani. Wazigua walikuwa karibu na bandari za Saadani na Pangani, wakapata bunduki mapema. Vugha ilikuwa juu, mbali na njia. Kile kilichokuwa ngome kikageuka kuwa pembezoni.

Aliyelielewa hilo haraka ni Semboja, mtoto wa Kimweri. Badala ya kung'ang'ania mlimani aliweka makao yake Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, katika wilaya ya Korogwe ya leo. Akapata bunduki na marafiki wa nyikani. Baba yake alipofariki na kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, Semboja alisubiri, na mwishoni mwa miaka ya 1860 akamtoa Vugha kwa nguvu. Wabondei nao wakaasi. Ikawa ile ile iliyoogopwa, nguvu kwa nguvu. Vijiji vikachomwa, watu wakauzwa, na ufalme haukurudi tena kama zamani.

Mto nao ulipanga watu upya. Kwa hofu ya vita, vijiji kadhaa vya bonde la Pangani vilijengwa kwenye visiwa katikati ya maji. Wajerumani walipokuja walifuata njia ile ile ya bondeni: reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ambao miche yake ililetwa mwaka 1893, ukafunika tambarare. Mkonge unapenda jua. Nyika iliyokataa kuzaa mfalme ikazaa mashamba makubwa, na safari hii mazao yalipakiwa kwenye meli na faida ikaenda ng'ambo.

Basi ardhi ndiyo inaamua?

Ardhi inaamua mengi: nani atavuna mara mbili, nani atategemea mawingu, nani atakuwa karibu na njia. Lakini haikumwambia Mbegha agawe nyama, wala haikumwambia Semboja ashuke Mazinde, wala haikumfundisha Wanankhucha kutoroka. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu waliosoma mazingira yao vizuri kuliko wenzao.

Na jambo moja limebaki bila kubadilika kutoka Misri mpaka Vugha. Watu wanamfuata anayewahakikishia chakula mwaka wa njaa. Mlimani kazi hiyo ilikuwa ya Simba Mwene. Nyikani ilikuwa ya mkubwa wa mji mwenye akiba ghalani, na mwaka ghala lilipokuwa tupu, mtoto wa mtu aliuzwa kwa pishi za nafaka. Wajukuu wa watoto hao leo wanalima Chogo, wakingoja masika kama wenzao wote wa Handeni.